Mtoto apende kusoma? Kata hadithi pale patamu

Jamani wenye watoto wadogo, usiku kabla hajalala msomee hadithi kwa sauti, halafu ikifika pale patamu funga kitabu umwambie tutaendelea kesho, utaona asubuhi anakishika mwenyewe anatafuta ule ukurasa hata kama herufi bado zinamsumbua. Mimi mapenzi ya vitabu yalinianzia hivohivo kwa bibi na mpaka leo silali bila kusoma. Vitabu bei juu, najua, ila African Storybook wana hadithi kibao za Kiswahili za bure, unapakua kwenye simu unasoma hata bando likiisha. Na akitaka ileile kila siku msomee tu, hapo ndo maneno yanamkaa. Ila usimgeuzie mtihani, maswali ya nani alifanya nini waachie walimu.