Kulinganisha IQ za marais kwa Excel: piga hesabu, kisha kagua chanzo

Kwa zoezi hili natumia orodha iliyosambaa mwaka 2001 ikilinganisha IQ (alama za kipimo cha akili) za marais 12 wa Marekani. Ilidaiwa imetoka Taasisi ya Lovenstein ya Scranton, Pennsylvania. Taasisi hiyo haipo na namba zote ni za kubuni, lakini hata gazeti la The Guardian la Uingereza liliichapisha. Tuipitishe kwenye hesabu tuone.

Hatua ya 1: Ingiza namba. Safu A weka marais wa chama cha Democrats, kuanzia A1: Roosevelt (Franklin) 147, Truman 132, Kennedy 174, Johnson 126, Carter 175, Clinton 182. Safu B weka wa chama cha Republican, kuanzia B1: Eisenhower 122, Nixon 155, Ford 121, Reagan 105, Bush baba 98, Bush mwana 91.

Hatua ya 2: Wastani na namba ya katikati. Andika =AVERAGE(A1:A6), kisha rudia kwa B. Utapata 156 na 115.3. Halafu =MEDIAN: 160.5 na 113. Usiiruke MEDIAN, maana kundi la watu sita huyumbishwa na mtu mmoja. Mtoe Nixon, wastani wa Republican unashuka hadi 107.4.

Hatua ya 3: Mtawanyiko. =STDEV.S hutoa mchepuko sanifu, yaani namba kwa kawaida ziko mbali kiasi gani na wastani: 24.2 na 23.0.

Hatua ya 4: Jaribio la t, linalopima kama pengo la wastani wa makundi mawili linaweza kuwa la bahati tu. Andika =T.TEST(A1:A6,B1:B6,2,2). Jibu ni takribani 0.014. Maana yake, kama vyama havitofautiani kabisa, pengo kubwa kiasi hiki lingejitokeza kwa bahati kama mara 14 katika 1,000. Wengi wakishaona iko chini ya 0.05, kizingiti cha kawaida, hufunga faili na kutangaza matokeo. Tafadhali usifunge. Jaribio la t halijui namba zimetoka wapi. Ukililisha uongo uliopangwa vizuri, litauthibitisha.

Hatua ya 5: Pima kila namba peke yake. Hapa ndipo kazi ilipo. Vipimo vya IQ hupangwa ili wastani wa jamii uwe 100 na mchepuko sanifu 15. Kwa Clinton: (182 − 100) ÷ 15 = 5.47, yaani yuko michepuko sanifu 5.47 juu ya wastani. Andika =1-NORM.S.DIST(5.47,TRUE) na utaona ni mtu mmoja katika zaidi ya milioni 40. Kennedy na Carter nao ni mmoja katika zaidi ya milioni mbili. Ni kweli marais ni watu waliochujwa, ila watatu wa aina hiyo kati ya 12 hawaaminiki. Geukia chini: Bush baba amepewa 98, pungufu ya mtu wa kawaida, wakati alimaliza Chuo Kikuu cha Yale kwa miaka miwili na nusu tu.

Kisha uliza: walifanya mtihani gani, lini, nani aliusahihisha? Orodha haina jibu hata moja.

Hatua ya 6: Rudia kwa makadirio yenye mbinu. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Dean Keith Simonton alikadiria IQ za marais 42 kwa kumbukumbu za maisha yao. John Quincy Adams aliongoza. Bush mwana alikuwa juu ya 100. Simonton alitoa zaidi ya kadirio moja kwa kila rais, kwa hiyo kila kadirio lipe safu yake na urudie hatua ya 2 hadi ya 5. Rais anayebadilisha nafasi kutoka safu moja hadi nyingine, usimtajie nafasi. Andika kadirio lake la chini na la juu.