Somo: Foklifti na watembea kwa miguu ghalani

Wengi huogopa meno ya foklifti, yaani vile vyuma viwili vya mbele ambavyo mashine hii huinulia mizigo. Waogope na kitako. Foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, hivyo dereva akizungusha usukani kulia, kitako huchomoka kushoto ghafla. Aliyesimama ubavuni akijiona salama kwa kuwa meno yanaelekea kwingine ndiye anayebanwa ukutani. Na uzito umelundikwa huko huko nyuma ili kusawazisha mzigo: mashine ya kubeba tani 2.5, yenyewe huzidi tani 3.

Hatua ya 1: Tenganisha njia. Hapa ndipo penye kazi. Kabla ya kununua rangi, simama pembeni saa nzima uone watu wanapita wapi kweli, si wanapotakiwa kupita. Utakuta njia ya mkato ya kwenda chooni inakatiza katikati ya njia ya foklifti. Ihamishe, au weka kizuizi cha chuma. Mstari wa njano haujawahi kusimamisha gurudumu. Mlango wa watu uwe wa watu tu.

Hatua ya 2: Dereva. Kabla ya zamu akague breki, honi, taa na minyororo ya kuinulia meno. Akitembea na mzigo, meno yawe kama sentimita 15 kutoka sakafuni. Mzigo ukimziba macho, aende kinyumenyume. Kwenye mwinuko ni tofauti: mzigo hutazama juu ya mlima daima, na asipoona mbele apate mtu wa kumwongoza.

Hatua ya 3: Mtembea kwa miguu. Usiisogelee foklifti mpaka dereva akuone, asimame, ashushe meno na akupe ishara. Chini ya meno yaliyoinuliwa hapapitwi, hata yakiwa matupu.

Hatua ya 4: Kuegesha. Meno sakafuni, breki ya mkono, ufunguo mfukoni.

MASWALI

Mkuu, sisi tumepewa vizibao vya kung'aa. Havitoshi?
Vinasaidia kuonekana, ila dereva aliyezibwa na paleti (jukwaa la mbao la kupangia mizigo) yenye mzigo haoni kizibao wala aliyekivaa. Rudi hatua ya 1.

Ikianza kupinduka niruke?
Ile ambayo dereva huiendesha amekaa, usiruke. Wanaoruka hulaliwa na paa la mashine. Funga mkanda tangu mwanzo, shika usukani kwa nguvu, kaza miguu, egemea upande ulio kinyume na inakoangukia. Ile ya kuendesha umesimama, yenye mlango wa nyuma, ndiyo unayotoka kwa kurudi nyuma.

Zetu ni za umeme, hazisikiki kabisa.
Fungeni taa ya bluu inayomulika sakafuni. Doa lake hutangulia kona kabla ya mashine. Honi ipigwe bado.

Msimamizi hutuinua juu ya paleti tubadilishe balbu. Ni sawa?
Hapana, ndugu. Paleti haina ukingo wala haijafungwa kwenye meno. Tumieni ngazi au jukwaa la kuinulia watu.