Namna ya kumlinda mtoto na homa ya baridi yabisi inayoshika moyo

Mtoto wa miaka 5 hadi 15 akilalamika leo kuwa goti linamuuma, kesho goti likapoa na maumivu yakahamia kifundo cha mguu au kiwiko, huku ana homa, asipelekwe kwa mkandaji bali kwa daktari. Huenda ni homa ya baridi yabisi, ambayo kwa kawaida huzuka wiki 2 hadi 3 baada ya koo kuingiwa na bakteria waitwao streptokoka wa kundi A, na mwili, katika kupambana nao, ukaishia kujishambulia wenyewe. Kwa hiyo mtajie daktari habari ya koo hata kama limeshapona.

Goti litapona bila kuacha kilema. Kinachoua ni moyo, ambao vali zake, yaani milango inayoizuia damu isirudi nyuma, huvimba na kuvujisha damu. Mtazame mtoto usiku. Akishindwa kulala chali mpaka aketi ndipo apate pumzi, akikohoa kila anapojinyoosha, moyo ukienda mbio hata usingizini, au ukimbonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba kishimo kikabaki, usingoje kupambazuka: mfikishe Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa au nyingine yenye daktari wa watoto, na ukiwa Likoni uhesabu pia muda wa kungoja feri.

Dalili moja hudhaniwa shetani: mikono na uso kuchezacheza bila hiari, kikombe cha chai kumponyoka, mwandiko kuharibika. Hutokea hata miezi kadhaa baada ya koo kupona, nayo hutulia mtoto anapolala.

Mafindofindo yakivimba, kukata kilimi hakuwaondoi bakteria hao, na ni kumwongezea mtoto jeraha. Daktari akithibitisha maambukizi, sindano moja ya penisilini ya benzathini, au vidonge vya siku 10 visivyokatizwa, vikianza kabla ya siku 9 kupita tangu koo kuuma, huzuia homa hii.

Aliyekwisha kuugua hudungwa sindano hiyo kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, kwa sababu kila shambulio jipya huzidi kuziharibu vali. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Ikiwa moyo wake umedhoofika sana, mkumbushe muuguzi kabla ya kila sindano, kwa kuwa baadhi ya watoto hao huwa salama zaidi kwa vidonge.