Mkataba wa kupanga nyumba India: kuuandika, kuulipia stempu na kuusajili

Karatasi ya stempu ya rupia 100 yenye muhuri wa notari imeaminiwa India kuliko inavyostahili. Dalali huiandaa kwa muda mfupi, mwenye nyumba na mpangaji husaini, na wote huondoka wakiamini mkataba wao umesajiliwa. Haujasajiliwa. Ushuru wa stempu ni malipo kwa serikali ya jimbo. Notari huthibitisha kwamba waliosaini ndio wenyewe. Usajili ni kuuingiza mkataba kwenye kumbukumbu za Msajili Msaidizi wa eneo ilipo nyumba. Hakuna kimojawapo kinachoziba nafasi ya kingine, na kwa bahati mbaya wengi huijua tofauti hiyo wakiwa tayari mbele ya hakimu.

Amua muda kwanza

Sheria ya Usajili ya 1908, kifungu cha 17, inalazimisha kusajili upangaji wa zaidi ya mwaka mmoja, wa mwaka hadi mwaka, au ambao kodi yake imepangwa kwa mwaka. Ndiyo sababu mikataba mingi ya India ni ya miezi 11. Njia hiyo ni halali, ila ushuru wa stempu bado unadaiwa, na si kila jimbo linaikubali kama kisingizio cha kutosajili.

Maharashtra, yaani Mumbai, Pune, Nagpur na kwingineko, haiikubali kabisa. Kifungu cha 55 cha sheria yake ya udhibiti wa kodi za nyumba ya 1999 kinataka kila mkataba uandikwe na usajiliwe, hata ukiwa wa miezi mitatu. Jukumu ni la mwenye nyumba. Asipolitimiza anaweza kufungwa hadi miezi 3, kutozwa faini ya hadi rupia 5,000, au vyote viwili. Kuna na jambo linalompendelea mpangaji: mkataba usiposajiliwa na ubishi ukazuka, maelezo yake kuhusu masharti ndiyo yanayokubaliwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tamil Nadu nayo, kwa sheria ya 2017 iliyoanza kutumika Februari 2019, inataka kila mkataba uandikwe na uandikishwe kwa Mamlaka ya Kodi ya Nyumba. Kwa hiyo usiulize "India wanafanyaje". Uliza jimbo lako linafanyaje.

Mkataba wa miaka mitatu usiosajiliwa una hatari yake. Kwa kifungu cha 49 cha sheria hiyo ya 1908, mahakama haiupokei kama ushahidi wa masharti yake. Upangaji huchukuliwa kuwa wa mwezi hadi mwezi, ambao kwa Sheria ya Uhamishaji wa Mali ya 1882 huvunjwa kwa notisi ya siku 15. Mpangaji aliyelipa dhamana kubwa akitegemea miaka mitatu ya utulivu hana tena pa kushika, na mwenye nyumba aliyeweka muda wa kutohama, yaani kipindi ambacho mkataba hauvunjwi, hawezi kuudai.

Hakikisha anayekupangisha ndiye mwenyewe

Omba hati ya umiliki au nakala ya usajili wa mauzo, risiti ya kodi ya majengo na bili ya umeme ya karibuni. Linganisha majina herufi kwa herufi. Nyumba ikiwa ya watu wawili, mara nyingi mume na mke, wote wawili wasaini. Saini ya mmoja pekee ndiyo kasoro inayojitokeza zaidi, na hugunduliwa pale mwingine anapomtaka mpangaji atoke. Mwenye nyumba akiwa ng'ambo, anayesaini kwa niaba yake awe na hati ya uwakilishi inayotaja waziwazi mamlaka ya kupangisha na kufika kwa Msajili. Hati iliyotiwa saini nje ya India inalipiwa stempu ndani ya miezi 3 tangu ilipoingia nchini.

Kuandika masharti

Taja nyumba kwa ukamilifu: namba ya fleti, ghorofa, jina la jengo, mtaa, namba ya kiwanja, msimbo wa posta, ukubwa wake, na maegesho ikiwa yamo. Anwani isiyolingana na ile ya bili ya umeme hukataliwa na benki, kampuni ya gesi na polisi, hata kama mkataba wenyewe ni halali.

Kwenye fedha, andika kila kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. India huweka mkato kwenye laki, hivyo laki mbili na nusu huandikwa 2,50,000, na macho yaliyozoea 250,000 huweza kusoma vibaya. Taja kodi ya mwezi, tarehe ya kulipa, akaunti inakoingia, nyongeza ya kila mwaka ikiwa ipo (asilimia 5 hadi 10 ndiyo iliyozoeleka), na nani analipa ada ya matunzo ya jengo. Neno "matumizi" peke yake halitoshi: andika umeme, maji, gesi, intaneti, kimoja kimoja.

Dhamana ndiyo inayogombanisha watu kuliko kitu kingine chochote. Sheria ya Mfano ya Upangaji, iliyopitishwa na Baraza la Mawaziri la India Juni 2021, inaiwekea kikomo cha kodi ya miezi miwili kwa nyumba ya kuishi, lakini ina nguvu tu katika majimbo yaliyoichukua. Bengaluru imejulikana kwa miaka mingi kwa dhamana nzito kuliko hiyo. Kifungu kizuri kinasema mambo manne: kiasi gani, kililipwa kwa njia gani na lini, kitarudishwa lini, na kinaweza kukatwa kwa lipi. Mfano:

"Mwenye nyumba atarudisha dhamana ya rupia 1,00,000 (laki moja) siku ya kukabidhiwa funguo, baada ya kukata bili zisizolipwa na gharama ya uharibifu iliyothibitishwa kwa risiti. Uchakavu wa kawaida na rangi ya kuta haukatwi."

Sentensi hiyo ya mwisho ipiganie. Kupaka rangi ndiko kisingizio kinachomeza dhamana nyingi. Ambatanisha orodha ya vilivyomo, pamoja na hali ya kila kimoja: feni 4 zinafanya kazi, hita ya maji ya bafuni inavuja kwenye kiungo, kioo cha dirisha la jikoni kina ufa. Pigeni picha siku ya kukabidhiana na kila upande ubaki na nakala.

Muda wa kutohama na muda wa notisi ni vitu viwili. Ukiandika "miezi 6 ya kutohama, notisi mwezi 1", eleza kama notisi inaweza kutolewa ndani ya mwezi wa sita au baada yake tu, na kila upande utalipa nini ukivunja. Kinachowabana wote wawili kisiandikwe kwa upande mmoja.

Stempu

Stempu hununuliwa kabla ya kusaini au siku hiyohiyo, kamwe si baadaye. Hati isiyo na stempu kamili haipokelewi mahakamani mpaka ilipiwe upungufu pamoja na adhabu, ambayo kwa Sheria ya Stempu ya 1899 inaweza kufika mara 10 ya upungufu huo. Kwa sheria hiyohiyo, msipokubaliana vingine, ushuru wa upangaji hulipwa na mpangaji.

Maharashtra hutumia mkataba uitwao "leave and licence", yaani ruhusa ya kukaa bila kuhamisha haki katika nyumba. Ushuru wake kwa muda usiozidi miezi 60 ni asilimia 0.25 ya jumla ya kodi yote, dhamana isiyorudishwa ikiwa ipo, na riba ya asilimia 10 kwa mwaka juu ya dhamana inayorudishwa. Chukua kodi ya 25,000 isiyopanda kwa miezi 36 na dhamana ya laki mbili: kodi yote ni laki 9, riba ni 20,000 mara 3, yaani 60,000, jumla ni 9,60,000, na ushuru ni rupia 2,400. Ongeza ada ya usajili, 1,000 mjini au 500 vijijini. Delhi hutoza asilimia 2 ya wastani wa kodi ya mwaka kwa upangaji usiozidi miaka 5, kwa hiyo nyumba ya 25,000 kwa mwezi hudaiwa 6,000. Karatasi ya rupia 100 iko mbali sana na viwango hivyo.

Majimbo mengi hutumia stempu ya kielektroniki ya Stock Holding Corporation of India. Cheti chake kina namba ya utambulisho. Ihakiki kwenye tovuti yao kabla ya kusaini, kwa kuwa vyeti vya kughushi vipo. Angalia majina ya pande zote mbili na aina ya hati iliyoandikwa.

Siku ya usajili

Mnao miezi 4 tangu kusaini. Baada ya hapo kuna miezi mingine 4 kwa faini inayoweza kufika mara 10 ya ada. Wekeni miadi kwenye tovuti ya usajili ya jimbo, kisha mfike pande zote mbili na mashahidi wawili wenye vitambulisho. Bebeni vitambulisho halisi, PAN (namba ya mlipakodi), picha ndogo, uthibitisho wa umiliki na risiti za malipo. Kila ukurasa uwe na saini, na kila masahihisho ya kalamu yasainiwe pembeni.

Maharashtra inaruhusu kufanya yote haya mtandaoni kwa alama za vidole zinazolinganishwa na za Aadhaar, namba ya utambulisho ya wakaazi wa India. Hukwama mahali pawili: jina la kwenye Aadhaar likitofautiana na la kwenye rasimu, na vidole vya wazee au wafanyakazi wa mikono visiposomeka. Osha mikono, ikauke vizuri, jaribu kidole kingine kabla ya kuahirisha. Mgeni asiye na Aadhaar aende ofisini na pasipoti na viza.

Ukimaliza, chukua nakala iliyosajiliwa yenye namba ya hati. Hiyo ndiyo ya kupeleka benki, kwa mwajiri na ofisi ya uhamiaji.

Baada ya hapo

Mwenye nyumba apeleke taarifa za mpangaji polisi pale ambapo amri ya eneo inataka, na katika miji mikubwa mara nyingi inataka. Mpangaji akiwa raia wa kigeni, taarifa ya kupokea mgeni, iliyozoeleka kama Fomu C, hutumwa mtandaoni ndani ya saa 24 tangu afike. Mwanafunzi kutoka Tanzania, Kenya au Kongo asikubali mwenye nyumba anayekataa kuituma. Bila hiyo, usajili wa ukaazi na kuongeza muda wa viza hukwama. Kubaliana naye kabla ya kulipa dhamana.

Mpangaji anayelipa kodi ya nyumba ya zaidi ya rupia 50,000 kwa mwezi hukata humo kodi ya mapato ya asilimia 2 na kuiwasilisha serikalini, kiwango kinachotumika tangu Oktoba 2024. Mwenye nyumba asiye mkaazi wa India ana utaratibu tofauti na kiwango kikubwa zaidi, hata kodi ya nyumba ikiwa ndogo.

Muda ukiisha, barua ya "tumeendelea" haitoshi palipo na lazima ya kusajili. Mkataba mpya unahitaji stempu mpya na usajili mpya, na ni vizuri kuuanza mwezi mmoja kabla, ili tarehe ya mwisho isipite nyumba ikiwa inakaliwa bila hati.