Namna ya Kulinda Picha za Kidijitali Zisipotee Ukiwa Safarini

Nimesafiri na kamera kikazi kwa miaka mingi, na nikihesabu picha nilizowahi kupoteza, zilizoibwa ni chache kuliko zile nilizozifuta kwa mkono wangu mwenyewe, usiku, nikiwa nimechoka na nikiamini kwamba nakala zake ziko mahali fulani. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na kufuli wala mkoba usioingiza maji. Unajengwa juu ya utaratibu ambao mtu anaweza kuufuata hata akiwa anasinzia, na kanuni yake ni moja: picha isifutwe popote mpaka iwe imefunguliwa na kuonekana kwa macho mahali pengine pawili.

Hatua ya 1: Andaa kadi kabla ya kuondoka

Chukua kadi kadhaa za kumbukumbu za ukubwa wa wastani badala ya moja kubwa. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, lenye takriban megabaiti 25 hadi 30, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 hubeba picha zipatazo 2,000, kiasi ambacho wapigaji wengi hawakifikii kwa siku moja. Kadi ya gigabaiti 512 ingebeba safari nzima, na hapo ndipo penye tatizo, kwa kuwa siku itakayoharibika itaondoka na safari nzima. Wapo wanaopinga kwamba kubadilisha kadi mara kwa mara kunaongeza hatari ya kuiangusha, na hoja yao ina ukweli. Dawa yake ni kuwa na kikasha cha kadi na desturi isiyobadilika. Mimi huweka kadi tupu lebo ikitazama juu, na iliyokwisha kutumika lebo ikitazama chini, ili hata gizani nisiikosee.

Kadi mpya ijaribiwe nyumbani. Ziko kadi bandia zilizochezewa ili kompyuta izione kuwa na gigabaiti 128 ilhali ndani yake mna 8 tu. Kadi ya namna hiyo huendelea kupokea mafaili bila kulalamika hata baada ya nafasi halisi kwisha, na kinachopotea hukijui mpaka utakapokitafuta. Programu ya H2testw kwa watumiaji wa Windows, au F3 kwa watumiaji wa Linux na Mac, huijaza kadi yote na kuisoma tena, kisha husema wazi kama kilichoandikwa ndicho kilichosomwa.

Baada ya hapo ifomati kadi, yaani ifute yote na kuiandaa upya, ndani ya kamera utakayoitumia, wala si kwenye kompyuta, kisha piga picha ya kwanza ya karatasi uliyoandika jina na anwani yako ya barua pepe. Mwungwana akiiokota kadi hiyo na kuifungua, atajua pa kuirudisha. Kumbuka tu kwamba kila unapoifomati upya, picha hiyo nayo hufutika na sharti ipigwe tena.

Hatua ya 2: Panga kamera yenye nafasi mbili za kadi

Kama kamera yako ina nafasi mbili, ingia kwenye menyu na uchague kila picha iandikwe kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Usidhani kwamba imekwisha pangwa hivyo, kwa sababu baadhi ya kamera hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kujaza kadi ya kwanza na kuhamia ya pili pale tu nafasi inapokwisha, mpangilio unaomfaa mpigaji wa picha nyingi lakini usiolinda chochote.

Hatua ya 3: Unapopiga picha

Hapa maneno ni machache. Usitoe kadi wala betri wakati taa ya kuandika inawaka, badilisha betri kabla haijafikia kuzimika yenyewe, na usichambue picha kwa kufuta kwenye kioo kidogo cha kamera. Kioo kile hakitoshi kukuonyesha kama jicho la mtu liko wazi, na kitufe cha kufuta picha moja mara nyingi kiko jirani na chaguo la kufuta zote.

Hatua ya 4: Nakili kila jioni

Jioni, kabla ya kuoga au kula, fungua folda mpya kwa kila kadi na uipe jina lenye tarehe, kamera na kadi, kwa mfano 2025-03-14_kamera1_kadiB. Jina refu kama hilo linaonekana kama urasimu, lakini nilijifunza umuhimu wake kwa gharama. Nilikuwa na kamera mbili za aina moja, na kamera za namna hiyo huhesabu picha kutoka DSC_0001 hadi DSC_9999, kisha huanza upya. Usiku mmoja nilinakili kadi ya kamera ya kwanza kwenye folda niliyoiita kwa jina la mji tu, nikafuatisha ya pili kwenye folda ileile. Kompyuta ikaniletea dirisha dogo ikiuliza kama nataka mafaili yenye majina yanayofanana yabadilishwe. Nikabofya ndiyo kwa yote, nikafomati kadi zote mbili na kulala. Picha za asubuhi nzima zilikuwa zimefunikwa na za jioni, moja baada ya nyingine, na idadi ya mafaili kwenye folda haikunishtua kwa sababu sikuwa nimeihesabu. Tangu siku hiyo, dirisha lile likitokea mimi hubofya hapana bila kulisoma, na kuanza upya kwenye folda nyingine.

Nakili, usihamishe. Kuhamisha huondoa mafaili kwenye kadi palepale, na waya ukichomoka katikati ya kazi unabaki hujui kipi kimefika na kipi kimebaki njiani. Kazi ikiisha, linganisha idadi ya mafaili na jumla ya baiti za pande zote mbili. Kisha chomoa kadi kabisa na ufungue picha kumi au kumi na tano kutoka kwenye diski, uzikuze mpaka asilimia 100, ukizichagua mwanzoni, katikati na mwishoni mwa folda. Usiridhike na vijipicha vinavyojipanga kwenye folda, kwa kuwa kijipicha ni picha ndogo iliyofichwa ndani ya faili, mara nyingi karibu na mwanzo wake, na inaweza kuonekana safi kabisa ilhali sehemu iliyobaki ya faili imeharibika.

Rudia zoezi hilohilo kwa diski ya pili, na kila mara iambie kompyuta iiachie diski kabla ya kuichomoa, kwa sababu mfumo huweza kuwa bado unaandika data iliyokuwa ikisubiri kwenye kumbukumbu yake hata baada ya mstari wa maendeleo kufika mwisho.

Hatua ya 5: Zitenganishe nakala

Diski mbili zilizo kwenye mkoba mmoja ni sawa na diski moja, kwani mwizi hachagui. Kamera na kadi zikae kwenye mkoba wa kamera, diski moja ikae kwenye begi la nguo, na nyingine iwe mwilini mwako. Kwa safari napendelea diski za SSD kwa kuwa hazina sahani inayozunguka wala kichwa cha kusomea kinachoweza kugonga pale diski inapoanguka. Diski ya kawaida inafaa zaidi kubaki mezani nyumbani. Diski za safari zifungwe kwa nywila, hasa kama umepiga picha za watu waliokuamini.

Asiyebeba kompyuta anaweza kutumia simu yenye tundu la USB-C pamoja na kisoma kadi na diski iliyofomatiwa kwa exFAT, mfumo ambao Windows na Mac zote huusoma na kuuandikia. Simu zenyewe hutofautiana, hivyo fanya jaribio zima nyumbani, kuanzia kadi mpaka diski, kabla hujautegemea mpango huo.

Hatua ya 6: Tumia wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, kwa kiasi

Piga hesabu kwanza. Gigabaiti 10 za picha, zikipakiwa kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde (megabiti nane ni megabaiti moja), huchukua zaidi ya saa nne, na hapo intaneti haijakatika hata mara moja. Kwa hiyo mimi sipakii kila kitu; nachagua picha thelathini au arobaini za siku ambazo nisingekubali kurudi bila ya hizo, na kuziacha zipande usiku. Angalia pia nafasi uliyonayo, kwa kuwa Google, kwa mfano, hutoa gigabaiti 15 za bure zinazogawanywa kati ya picha, barua pepe na mafaili mengine, na tangu Juni 2021, kwa watumiaji wengi, picha mpya zinazohifadhiwa huko huhesabiwa ndani ya kiasi hicho.

Jambo linalowachanganya wengi ni tofauti ya kuhifadhi nakala na kusawazisha. Huduma ya kusawazisha hufanya vifaa vyote vifanane, na kwa hiyo ukifuta picha kwenye simu ili upate nafasi, itafutika kwenye wingu pia. Kwenye iCloud, wingu la Apple, picha iliyofutwa hukaa siku 30 kabla ya kuondoka moja kwa moja, na kwenye Google Photos iliyokuwa imehifadhiwa hukaa siku 60. Kujitumia picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida nako si kuhifadhi, kwa sababu hubanwa na kupoteza ubora. Itume kama hati kama huna njia nyingine.

Halafu kuna mtego wa msimbo wa kuthibitisha. Simu ikiibwa, akaunti yako itakutaka uandike msimbo unaotumwa kwenye simu hiyohiyo iliyoibwa. Kabla ya safari, chapisha au andika misimbo ya akiba ambayo huduma yako hutoa, na uiweke kwenye karatasi mbali na simu.

Hatua ya 7: Picha zikipotea

Acha kupiga picha papo hapo. Faili linapofutwa, kinachoondolewa kwanza ni kumbukumbu ya mahali lilipo, na data yenyewe mara nyingi hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, kwa hiyo kila picha mpya unayopiga huenda inazika ya zamani. Toa kadi, sukuma kidude cha kufungia kilicho ubavuni mwake kama ni SD ya kawaida, na uiweke kando. Kompyuta ikikuambia kadi inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, kataa. Tumia programu ya kurejesha kama PhotoRec, ambayo ni ya bure na hutambua picha kwa alama zilizo mwanzoni mwa mafaili hata pale orodha ya majina imevurugika. Majina ya awali kwa kawaida hayarudi, lakini picha mara nyingi hurudi. Zielekeze kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile. Kama kadi haitambuliki kabisa, usiichomeke tena na tena. Itunze mpaka uifikishe kwa fundi wa kurejesha data.

Hatua ya 8: Baada ya kurudi

Nakili kutoka kwenye diski ya safari hadi kwenye hifadhi yako ya kudumu, kagua kama ulivyokagua kule safarini, na uache kadi zikae kikashani, lebo zikitazama chini, kwa wiki moja au mbili. Kasoro nyingi za kunakili mimi huzigundua katika siku hizo, ninapoanza kusafisha picha na kukuta faili moja halifunguki. Wiki hizo zikipita salama ndipo nazifomati ndani ya kamera, moja baada ya nyingine, na kupiga upya picha ya ile karatasi yenye barua pepe.