SOMO: Baiskeli inayolala nje, mvua isiile

Wengi wetu hatuna chumba cha baiskeli, na mvua ikianza tunakimbilia turubai. Turubai lina kazi yake, lakini mimi nimeshachomoa siti ya baiskeli iliyofunikwa msimu mzima, nikaigeuza, maji yakamwagika kutoka ndani ya fremu kama ya mtungi. Kwa hiyo tunaanzia kwenye siti.

Hatua ya 1. Zungushia utepe kwenye bomba la siti ili usipoteze kimo chako. Chomoa, futa, paka grisi. Kabla ya kurudisha, kata kipande cha tyubu kuukuu, urefu wa kidole, ukivishe kwenye bomba; ukisharudisha, kishushe kifunike pale bomba linapoingia kwenye fremu. Maji yatateleza nje. Grisi usiiruke, hasa bomba likiwa la alumini na fremu ya chuma. Unyevu ukikaa kati yao vinashikana, na siku ya kuichomoa utaita mtu na nyundo.

Hatua ya 2. Pindua baiskeli. Chini kabisa ya fremu, pale ekseli ya pedali inapopita, mara nyingi kuna kitundu cha kutolea maji. Kizibue tope kwa waya. Kama hakipo, usitoboe.

Hatua ya 3. Mnyororo. Ufute ukauke, weka tone moja la mafuta kila kiungo, zungusha pedali kinyumenyume, kisha futa yaliyobaki juu. Watu hawafuti, ndiyo maana mchanga unaganda. Mafuta ya kupikia hapana, yananata.

Hatua ya 4. Sasa funika. Acha chini wazi hewa ipite, funga kwa kamba upepo usilibebe. Baiskeli iliyolowa usiifunike, utakuwa umeifungia unyevu ndani. Jua likitoka, funua.

Na tundu la kufuli litazame chini.

MASWALI

*Sina turubai, naegesha chini ya mti. Inatosha?*
Mvua ikikatika, mti unaendelea kunyesha. Ongeza utomvu na ndege. Afadhali ukuta wenye upenu, upande usiopigwa na upepo.

*Breki zinalia baada ya mvua. Nitie mafuta?*
Usithubutu! Mafuta kwenye rimu au diski ni kujinyima breki. Rimu ifute kwa kitambaa safi, kisha anza taratibu huku ukibana breki mara kadhaa zikauke.

*Fremu yangu ni alumini, haya yote ya nini?*
Fremu haitashika kutu nyekundu, kweli. Mnyororo, bolti, waya na gololi je?

*Mnyororo umeshaanza wekundu. Nitupe?*
Kunja kiungo kimoja kimoja kwa mkono. Vikikunjika vyote, sugua kwa brashi, tia mafuta, endelea nao. Vikigoma hata baada ya mafuta, nunua mwingine.