Yoki au fimbo? Amua kabla ya kulipia saa za kuruka

Cessna 152 na 172 zina yoki, ule usukani wa pembe mbili unaochomoza kwenye dashibodi. Piper PA-28 nayo ni hivyo hivyo. Piper Super Cub na Diamond DA40 zina fimbo inayosimama katikati ya mapaja. Kazi ni ileile: ukivuta, elevata (ubao unaosogea nyuma ya mkia) hupanda na pua huinuka, ukielekeza kulia, aileroni ya kulia (ubao unaosogea kwenye ukingo wa nyuma wa bawa) hupanda na bawa la kulia hushuka. Hakuna kati yake inayoifanya ndege iruke vizuri kuliko nyingine. Cha kuangalia ni mkono upi unashika nini, na kama mwili wako unaenea pale.

Hatua ya 1: Anza na ndege utakayorusha baada ya leseni. Kama ni 172, jifunzie yoki na usijisumbue. Fimbo utaizoea baadaye.

Hatua ya 2: Keti ndani, injini imezimwa. Vuta hadi mwisho, kisha, ukiwa bado umevuta, elekeza kulia kabisa na kushoto kabisa. Ndani ya 152, pembe ya yoki hugonga paja la mtu mrefu au tumbo la mnene. Fimbo nayo hugonga ubao wa kuandikia uliofungwa pajani. Kitu kikizuia hapo, siku ya upepo wa ubavu hutapata aileroni yote. Sogeza kiti, hamisha ubao, rudia.

Hatua ya 3: Funga kiti. Kiti cha Cessna huteleza kwenye reli, na pini ndiyo hukishika. Ukikifunga, kisukume mbele na nyuma kwa nguvu za mwili. Pini ikiachia wakati wa kupaa, kiti hurudi nyuma nawe umeng'ang'ania yoki. Unaivuta bila kutaka, pua inapanda, mabawa yanaacha kubeba. Kwenye DA40 kiti hakisogei, pedali ndizo zinazosogezwa. Kwa hilo naipa fimbo ya DA40 alama.

Hatua ya 4: Hesabu mikono. Hapa ndipo watu huumia. Katika kiti cha kushoto cha 172, mkono wa kushoto uko kwenye yoki, wa kulia kwenye throto, wenzo wa nguvu za injini. DA40 ni vilevile: fimbo kushoto, throto kulia. Kwenye Super Cub mambo hugeuka: fimbo kulia, throto kushoto. Aliyezoea 172 akiambiwa aahirishe kutua na apae tena, mkono wa kulia husukuma mbele wenyewe. Lakini safari hii umeshika fimbo, kwa hiyo pua inainama chini, mita chache tu juu ya lami. Kabla ya kuruka Cub, keti dakika kumi ukitamka "nguvu" na kusukuma kwa mkono wa kushoto, hadi usihitaji kufikiri.

Hatua ya 5: Legeza mkono. Yoki ishike kwa vidole vitatu. Ukiuning'iniza mkono kwenye pembe ya kushoto, uzito wake huinamisha bawa la kushoto, kisha utailaumu ndege. Fimbo inahitaji mwendo mdogo zaidi. Egemeza kigasha pajani na utumie kifundo cha mkono. Ukiona ndege inayumba huku na huku, unasahihisha kupita kiasi. Ukichoka kuvuta, rekebisha trimu, kidhibiti kinachoondoa uzito huo mkononi.

Hatua ya 6: Fanya mazoezi na upepo wa hapa. Alasiri Kisumu upepo hutoka ziwani. Tuseme unatoka digrii 270 (magharibi) kwa noti 14 (maili za baharini kwa saa), nawe unapaa njia ya 24, inayoelekea digrii 240: upepo wa ubavu ni noti 7, kutoka kulia. Anza mbio yoki ikiwa imegeuzwa kulia, ipunguze spidi inavyopanda. Kwenye fimbo hili linaonekana wazi, maana fimbo yenyewe hulala upande wa upepo. Ukiendesha ardhini upepo ukiwa nyuma, elekeza upande unakokwenda upepo na usukume mbele.

Eldoret, karibu futi 6,900 juu ya usawa wa bahari, joto la digrii 25 huifanya hewa iwe nyepesi kama ya futi 9,800. Lami itakupita kasi na mkono utataka kuvuta mapema. Kwenye 172S ngoja kipimo cha spidi kisome noti 55.

Hatua ya 7: Funga, na ukumbuke kufungua. Ndege ikiegeshwa, yoki ya Cessna hufungwa kwa pini inayopita kwenye mhimili wake. Fimbo hufungwa kwa mkanda wa kiti. Kabla ya kupaa, simamisha kidole gumba kwenye yoki au fimbo na uelekeze kushoto. Gumba linaelekea aileroni inayopaswa kuwa juu. Geuza kichwa uitazame kwa macho, kisha ufanye upande wa pili.